Kufuli la Daftari la Zamu

Wazazi wenzangu, haya yametoka nyumbani kwangu, hapa Kidodi, miaka ile soko huria lilipoingia na sisi wakulima wa miwa tukaunda chama chetu.

Tulikuwa tunaishi kwa amani. Binti yangu Editha alikuwa karani wa chama. Daftari la zamu za kuchoma majani ya miwa, kuikata na kuipakia lorini lilikaa mezani, wazi. Yeyote alilisoma, na mwenye habari mpya alisahihisha, akaandika jina lake pembeni. Aliyesahihisha sana ni Hildegarda, binti wa jirani yetu Cornel. Watu wakawa wanamsifu: "Huyu mtoto ana macho!" Mimi roho ikawa inaniuma.

Nikamwambia Editha, "Wewe karani wa jina, mwenzako karani wa kazi. Lifungie kabatini."

"Mama, daftari ni la watu."

"Na kiti chako je, nacho ni cha watu?"

Akalifungia. Kuliona ikawa mpaka umwombe yeye, na Hildegarda alisubirishwa kuliko wote.

Jumatatu moja Editha akaenda msibani Mikumi, na ufunguo akaenda nao. Zamu yetu ilikuwa kesho yake; mavuno ya mwaka mzima. Mchana Hildegarda akaja mbio.

"Shikamoo mama. Lori la kesho limevunjika ekseli. Msichome miwa!"

"Marahaba. Imeandikwa wapi?"

"Si daftari limefungiwa, mama?"

"Basi haijaandikwa. Wewe na baba yako mnataka zamu yetu, semeni tu."

Akaondoka. Jamani, alinisihi vizuri kabisa, nikasikia hila tupu.

Jumanne asubuhi nikaita wachomaji, shamba likawaka. Nanyi mnajua, muwa ukishachomwa haungoji mtu. Lori lilikuja Jumatatu iliyofuata. Miwa ilikwishachacha, kiwandani wakaikataa yote. Chama kikakaa kikao, Editha akaondolewa ukarani kwa kulifungia daftari.

Sasa anauza chai stendi ya Mikumi. Nikienda ananiamkia kwa heshima, ananimiminia kikombe, kisha anageukia wateja wengine.

FUNZO

Yapo ya kufungiwa, kama hati za mashamba ya watu. Lakini jambo linalotegemewa na wengi, wengi walione na walisahihishe. Kabla hujaweka kufuli, jiulize: unalinda kazi, au unalinda wivu? Na wewe mama mwenzangu, wivu wako usimtwike mwanao. Mimi ndiye niliyeona wivu. Kazi akapoteza yeye.