Kaka Alichukua Paspoti Yangu, Akaniambia Mama Anakufa

Nina miaka ishirini na nne, ni mwanafunzi hapa Guangzhou. Nilizaliwa Tanga nikalelewa kama mtoto wa kiume, lakini tangu nipate akili nilijijua kuwa ni msichana. Huku naitwa Zuhura. Kwetu, jina hilo alilijua mama peke yake...

Mwaka jana mwanafunzi mwenzangu, Mkenya, alitengeneza filamu ndogo kuhusu binti kama mimi na familia yake. Akaniomba niigize kama binti huyo. Tulirekodi mtaa wa Kangle, hapa hapa Guangzhou, kwenye chumba kilicho juu ya karakana ya mafundi cherehani. Nilivaa gauni mbele za watu, na kwa mara ya kwanza sikutetemeka! Tulikubaliana filamu isitoke nje ya darasa.

Rehema, niliyeishi naye chumba kimoja, ndiye aliyenishonea gauni lile. Na ndiye aliyemtumia kaka yangu kipande cha filamu! Nilimkosea nini? Mpaka leo sijui.

Kaka Hamisi hutoka Tanga kuja kununua vitambaa soko la Zhongda, huku Guangzhou. Alipokuja baada ya kutumiwa kipande hicho, alinipigia kwa sauti ya upole kabisa.

"Mdogo wangu, mama yu mahututi, anakuita. Niletee paspoti nikukatie tiketi."

Nililia njia nzima. Nikafunga nywele, nikavaa shati pana, nikampelekea. Hakunitazama usoni. Aliitia paspoti mfukoni, akasema tunaondoka kesho yake.

Nikapiga simu ya mama, haipatikani. Nikampigia jirani yetu, naye akapenya uani na simu yake hadi kwa mama. Mama... alikuwa mzima wa afya!

"Usije, mwanangu," alisema akihema. "Wajomba zako wamekaa kikao. Wameandaa chumba wakufungie, wanasema watakupiga mpaka uwe mwanamume. Simu yangu wamenipokonya. Usije!"

Bila paspoti niende wapi? Polisi wakinisimamisha niseme nini?

Nilimwomba mama asikate simu. Nikakimbilia Zhongda, nikamkuta kaka dukani, nikaweka spika, mama akapaza sauti.

"Hamisi! Mpe Zuhura paspoti yake. Wakimuua huyu, radhi yangu huipati, duniani wala akhera!"

Mwenye duka, Mchina, hakuelewa neno, lakini aliacha kupima kitambaa. Kaka akaingiza mkono mfukoni. Akaitupa paspoti juu ya marobota.

"Kuanzia leo sina ndugu."

Nimehama. Mlango ukigongwa, moyo unapasuka... Nasikia mama amehamishiwa kwa mjomba. Sijaisikia sauti yake tena. Wamemfanya nini, kwa ajili yangu?

Wasomaji wenzangu, mkiitwa nyumbani kwa ugonjwa, isikieni kwanza sauti ya mgonjwa. Paspoti yako usimkabidhi mtu, hata kama mlinyonya ziwa moja! Na wewe uliyeaminiwa siri ya mwenzio, nakusihi, ifiche. Hujui ukiitoa utamuua nani.

Niombeeni mama yangu.