Kibanio cha Chaneli ya Kumi na Nne

Usukani wa mkia ulicheza kushoto, ukarudi katikati, ukatulia. Gerlinde Abt aliuona kwa macho yake mawili, saa nne asubuhi, jua limejaa karakanani na kahawa yake bado ya moto. Usingemshtua hata kidogo kama ile ndege ya mfano ingekuwa na betri. Haikuwa nayo. Betri ya zamani ilikuwa imevuja na kuota ukungu wa kijani, naye alishaitupa tangu Jumatatu.

"Panya," akajisemea. Kisha akajicheka mwenyewe, maana panya wa kuvuta usukani kwa adabu namna ile bado hajazaliwa.

Ndege yenyewe ilikuwa glaida ya kuongozwa kwa rimoti, haina injini, mbawa zake mita tatu na nusu kutoka ncha hadi ncha. Aliikuta darini kwa baba yake, mzee Ewald, mwezi mmoja baada ya kumzika, imeviringishwa blanketi tatu na kufungwa kamba kana kwamba itatoroka. Pua ilikuwa imepasuka, bawa la kulia limevunjika mara mbili. Mzee hakuwahi kuitaja. Katika kijiji kile cha milima ya Rhön, ambako kila Jumapili glaida hujaa angani, kubwa za kupanda watu na ndogo za mfano, Ewald alitembea miaka arobaini na mitatu akitazama viatu vyake.

Na kidole, jamani. Kijiji kizima kilimkumbuka kwa kidole. Alikuwa fundi saa hodari mpaka siku gumba lake la kulia lilipoanza kucheza lenyewe: kushoto, kushoto, kisha chini. Saa za watu zikamshinda, akaishia kufagia madarasa ya shule. Gerlinde alikua akimwona mama yake akimkatia baba nyama mezani.

Sasa gumba la Gerlinde nalo lilikuwa limeanza. Lilianza wiki ileile aliyoishusha glaida kutoka darini. Yeye ni fundi wa meno bandia, kazi isiyovumilia kosa la unene wa unywele, na meno matatu ya wateja yalikuwa yameshaharibika mkononi mwake. Mwajiri alimpa likizo ya wiki mbili. "Pumzika, Gerlinde. Ukirudi na kidole hivyohivyo, itabidi tukae tuzungumze." Alijua mazungumzo hayo yangeishia wapi. Fagio la baba bado lilikuwa limesimama nyuma ya mlango.

Mumewe, Volkmar, alikuwa na shauri lake. "Tuichome, mke wangu. Kuni ni kuni."

"Njoo uone." Akamwonyesha ncha ya bawa la kushoto. Ilikuwa nyeusi kwa moto, upana wa vidole viwili, kisha mstari ulionyooka, na baada ya mstari mti ulikuwa mweupe safi. "Baba alishajaribu. Moto ulifika hapa ukakataa. Na kidole chake hakikupona."

Volkmar akakuna kidevu. "Basi tumwite padri."

"Padri ataimwagia maji, mti uvimbe, nianze kupiga msasa upya. Hapana. Kitu hiki kina mwenyewe. Nitamjua ni nani, na nitakitengeneza mbele ya macho yake, apende asipende."

Ndivyo alivyoumbwa huyo mama. Ukimtisha, umempa kazi ya kufanya.

Akaendelea. Alibandua hariri kuukuu iliyofunika mbawa, akachonga mbavu mpya za mti mwepesi wa balsa, akaunga mhimili kwa gundi na vibanio. Vanishi aliyotumia haikuwa na harufu. Lakini kila siku, ikifika saa tisa na dakika kumi alasiri, karakana ilijaa harufu tamu, nzito, ya vanishi ya kizamani, na nje kwenye kokoto zikasikika nyayo za mtu anayekimbia kuelekea mlimani. Nyayo hizo hazikufifia kama za mtu anayekwenda mbali. Zilikatika tu, mguu ukiwa hewani. Gerlinde alifungua dirisha mara zote, na mara zote hakuona mtu. Aliogopa, tusidanganyane. Kisha akarudi kwenye msasa wake.

Siku ya sita, chini ya hariri ya bawa la kulia, akakuta maandishi ya penseli: O. D., Machi 1977.

Si baba. Akakaa kitini. Kijijini kwao, mtu akisahau jambo la kijinga huulizwa, "Vipi, umechaji, au wewe ni Diehl?" Yeye mwenyewe alilisema neno hilo tangu utotoni bila kumwaza huyo Diehl. Ottmar Diehl, basi. Mtu ambaye, kwa masimulizi ya kijiji, alikwenda kurusha glaida bila kuchaji betri, ikaporomoka, akaikimbilia macho juu mpaka akatumbukia kwenye machimbo ya mawe.

Akafungua kipokezi cha glaida, akachomoa kristali yake, kile kidude kidogo kinachoamua chombo kitasikia chaneli gani. Chaneli ya kumi na nne. Kisha akaenda kabatini kwa baba, akatoa rimoti yake ya zamani, akaifungua. Kumi na nne.

Aliitia betri na kuiwasha kabla hajawaza, na mkiani mwa glaida isiyo na betri usukani ukaanza kupiga huku na huku kwa kasi, kulia kushoto kulia kushoto, kama mkia wa samaki aliyetupwa mchangani. Akaizima. Gumba lake likacheza juu ya kijiti cha kuongozea: kushoto, kushoto, chini. Hapo ndipo alipoelewa, na machozi yakamtoka. Kijiti kikivutwa chini, pua ya ndege huinuka. Miaka yote ile mezani kwao, kidole cha baba kilikuwa kidole cha mtu anayejaribu kuiokoa ndege yake.

Jumamosi alimwalika mzee Trapp jikoni, Volkmar naye akiwa mezani. Eginhard Trapp alikuwa na miaka themanini na minne, na mwaka ule wa ajali ndiye aliyekuwa katibu wa klabu. Alikula keki ya plamu vipande viwili kabla ya kuitazama glaida.

"Mwanangu," akasema, "irudishe darini."

"Mzee wangu, nieleze habari za vibanio."

Trapp akaweka uma chini. "Unajua. Kila mtu anajua. Rimoti mbili zikiwashwa kwenye chaneli moja, ndege iliyo juu inapagawa. Ndiyo maana tulikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vyenye namba. Unachukua kibanio cha chaneli yako, unakibana kwenye antena, ndipo unawasha. Ukikuta hakipo, mwenzako yuko hewani. Unakaa, unangoja."

"Siku ile kibanio cha kumi na nne alikuwa nacho nani?"

"Ottmar."

"Na baba?"

Mzee akasukuma sahani kando.

"Baba aliwasha bila kutazama ubao," Gerlinde akasema kwa sauti ya chini. "Halafu nani akaandika habari ya betri kwenye kitabu cha klabu?"

"Ottmar alikuwa ameshakufa, mwanangu!" Trapp naye alinong'ona, kana kwamba kuna mtu wa nne mezani. "Ewald alikuwa na mke, na wewe una miaka tisa. Ulitaka wamfunge? Niliandika neno moja tu. Betri. Wafu hawasomi."

Ikafika saa tisa na dakika kumi, na ile harufu ikapanda kutoka chini ya mlango ikajaa jikoni, ikafunika kahawa na keki, na nyayo zikaanza mbali kwenye kokoto, zikaja, zikaja, safari hii hazikuelekea mlimani bali zililizunguka jengo, zikapita dirisha la kwanza bila kivuli, zikapita la pili, na Volkmar akashika meza kwa mikono yote miwili na mzee Trapp akaanza kusema sala aliyoisahau katikati, mpaka zikafika mlangoni na kusimama, na wote watatu wakasikia mtu akihema.

"Kesho, Ottmar," Gerlinde akauambia mlango. "Kesho mlimani. Sasa nenda zako, nina wageni."

Kuhema kukakoma. Trapp akaondoka bila kofia yake.

Jumapili upepo ulikuwa mzuri wa magharibi, na wanaklabu wapatao thelathini walikuwa mlimani na chupa zao za kahawa. Rimoti za siku hizi hazihitaji vibanio, lakini ubao wa zamani bado umetundikwa ukutani mwa kibanda, na msumari wa kumi na nne ni mtupu tangu 1978. Gerlinde alisimama mbele yake, glaida begani, hariri yake mpya nyekundu, betri mpya tumboni.

"Washa rimoti basi," mtu akamwambia.

"Siwezi kuwasha. Kibanio hakipo. Anacho mwenyewe."

Akapiga hatua tatu kwenye mteremko, akairusha.

Watu wakapiga kelele. Ilizama kidogo, kisha ikainua pua, ikakata kushoto kwa ustadi ambao wengi pale hawakuwa nao, ikapanda juu ya vichwa vyao. Rimoti ilining'inia kifuani pa Gerlinde, imezimwa. Akatazama gumba lake. Limetulia. Akageuka kumtazama Trapp.

Gumba la mzee lilikuwa likicheza. Kushoto, na glaida ikaenda kushoto. Kushoto tena. Macho yake yalikuwa juu, mdomo wazi, na miguu yake ilikuwa imeanza kutembea, kisha kukimbia, kuelekea machimboni, ambako ua wa waya ulikuwa umelala chini siku nyingi.

Gerlinde alimkimbilia na kumkamata koti. Mzee wa miaka themanini na minne akamburuta kama si kitu. Hatua kumi. Hatua tano. Mawe yakaanza kuporomoka mbele yao, na sauti ya kuanguka kwake ilichelewa kurudi.

"Ottmar Diehl!" akapaza sauti mbinguni. "Huyu humchukui! Ulichonyang'anywa ni jina lako, siyo mzee huyu! Na mkono wangu sikupi tena!" Kisha akamtikisa Trapp. "Sema! Sema kwa sauti, watu wapo!"

"Betri ilikuwa nzima!" mzee akalia. "Ewald aliwasha bila kibanio! Mimi ndiye niliyeandika uongo! Ottmar hakukosa kitu!"

Miguu yake ikasimama. Ukingo ulikuwa hatua moja mbele.

Glaida ikageuka, ikashuka taratibu dhidi ya upepo, ikalala kwenye majani miguuni pa Gerlinde bila hata kukwaruza rangi. Akainua kifuniko cha pua. Juu ya kipande cha madini ya risasi, cha kuipa pua uzito, alichokiweka kwa mkono wake asubuhi ile, palikuwa na kibanio cha nguo, namba kumi na nne, mbao zake bado nyeupe. Alipokishika kilikuwa na joto la kiganja cha mtu.

Trapp aliletewa kitabu cha klabu papo hapo. Akafuta neno moja, akaandika mstari mzima, watu thelathini wakimtazama. Gerlinde akakitundika kibanio kwenye msumari wake. Wanaume wakavua kofia. Mmoja akasema sasa wakiache hapo, wasikiguse milele.

"Kwa nini?" Gerlinde akauliza. "Chaneli iko wazi."

Akakichukua tena, akakibana kwenye antena ya rimoti ya baba yake, ndipo akawasha. Gumba lake lilikuwa limetulia kabisa. Kijiti ndicho kilichocheza chini yake: kushoto, kushoto, chini.

"Hapana, Ottmar," akasema. "Kibanio ninacho mimi."

Akasukuma kijiti kulia. Kikagoma kidogo, kikaenda.