Mtoto wa Kreti ya Nyanya

"Toa hiyo sura kwa riwaya yako, Nasike. Ama tusahau harusi."

Odero alizitupa karatasi mezani. Nasike alizitambua papo hapo. Ilikuwa riwaya yake kuhusu familia za vibarua waliofukuzwa mashambani, na alikuwa amempa Odero peke yake aisome. Odero alikuwa mchumba wake, tena mchungaji wa kanisa lao la mabati pale Kitengela. Sasa kurasa zilijaa wino mwekundu, na mwandiko haukuwa wa Odero.

"Nani ameandika hapa?"

"Mzee Maweu. Nilimpa aone."

"Bila kuniuliza?"

"Ni mzee wa kanisa! Anasema umemtukana Mungu. Mtoto anazaliwa shambani, analazwa kwa kreti ya nyanya, vibarua wanampigia magoti na majembe mkononi... Umemfanya Yesu mtoto wa kibarua!"

"Kwani alizaliwa hotelini?"

Nasike akakusanya karatasi zake akaondoka.

Jioni ujumbe ukaingia kwa simu: "Jumapili wazee wanataka uombe msamaha mbele ya kanisa. Tafadhali mpenzi. Nifanyie mimi."

Akajibu: "Nitakuja."

Jumapili hiyo ya mwaka 2004, watu walijaa hadi mlangoni. Mzee Maweu akamwita mbele. Nasike akasimama, akafungua karatasi, akaanza kuisoma ile sura kwa sauti. Akasoma jinsi vyombo vya vibarua vilivyomwagwa barabarani, na jinsi mwanamke mmoja alivyoshikwa na uchungu nyuma ya ghala.

"Nyamaza! Hayo ni matusi!" Maweu akafoka.

"Matusi gani, mzee?"

Aliyeuliza ni Rahab, mama yake Nasike. Alikuwa amesimama katikati ya viti.

"Huyo mwanamke ni mimi. Shamba lilikuwa Entarara. Mtoto ni Wangila, ndugu yake Nasike, ndiye huyu hapa, ako na ndevu sasa. Hatukuwa na kitanda, tukatandika nyasi kwa kreti. Wenzangu walipiga magoti maana tulidhani atakufa. Niambie basi, mzee. Tuliomba vibaya?"

Maweu akamgeukia Odero.

"Mchungaji, sema neno."

Odero akatazama sakafu.

Nasike akavua pete ya uchumba, akaiacha juu ya mimbari, akamshika mama yake mkono wakatoka.

Odero aliwafikia langoni, akihema.

"Nasike, ngoja! Nimekosea. Kesho nitaongea na wazee polepole..."

"Kwa nini kesho? Umeninyamazia mbele ya watu, na watu bado wako ndani."

"Watanifukuza."

"Sisi tulifukuzwa. Tuko hapa."

Odero alimtazama, akamtazama na Rahab. Kisha akageuka, akarudi ndani. Wakasikia sauti yake ikipenya mabati:

"Wapendwa, kaeni chini, sijamaliza! Hakuna tusi katika ile sura. Mimi ndiye niliyeogopa. Kama leo mnataka kufukuza mtu, mko naye hapa!"

Rahab akacheka huku machozi yakimtoka. "Kumbe ako na mdomo!"

Walimfukuza kweli, kabla mwezi haujaisha. Nasike naye hakumrahisishia mambo. Odero alikunywa chai nyingi kwa Rahab kabla pete haijarudi kidoleni.

Mwaka uliofuata riwaya ilitoka, sura ile ikiwa nzima. Harusi ilifanyika uani kwa Rahab, chini ya hema la kukodi. Mzee Maweu hakuja. Nusu ya kanisa ilikuja, ikaimba mpaka majirani wakaacha kazi zao wakaja kucheza.