Muhuri wa Kadi ya Kuogelea

Kila asubuhi ya Juni Kozue alikuwa na kazi tatu: kumpima joto mdogo wake Shuhei, kujaza hali yake kwenye kadi ya kuogelea ya shule, na kuigonga muhuri wa ukoo wao, uliokuwa kama saini ya wazazi. Mama aliingia kiwanda cha tofu, jibini ya soya, alfajiri, naye Baba, fundi seremala, aliondoka mapema vilevile. Basi muhuri waliuacha kwa Kozue, msichana wa miaka kumi na miwili. Bila muhuri, mtoto haingii bwawani.

Shuhei alikuwa na miaka minane, na alikuwa na usonji. Hakusema mengi, lakini orodha ya chakula cha shule iliyobandikwa kwenye friji aliijua yote kichwani. Na maji aliyapenda kuliko peremende.

"Bwana mkubwa, leo tunakula nini shuleni?" Kozue alimtania.

"Wali wa kari. Na tufaha."

"Na kesho?"

Shuhei alikuwa ameduwaa, kijiko hewani, kope zikimcheza. Kozue alihesabu moyoni hadi kumi na mbili. Kisha mtoto akaendelea kula kana kwamba hakuna lililotokea.

Haikuwa mara ya kwanza. Lakini Kozue alijua kwamba akiandika ukweli, Shuhei ataketishwa kando ya bwawa, na atalia mpaka sauti imkauke. Akaandika "Mzima", akagonga muhuri. Alidanganya kwa mapenzi, lakini uongo ni uongo tu.

Wazazi wao nao walikuwa wamemwona Shuhei akiduwaa mara moja, wakati wa chakula cha jioni. "Watoto wa namna hii ndivyo walivyo," shangazi wa watoto aliwaambia. Hawakuridhika. Walisubiri miezi miwili kumwona daktari wa ubongo, na siku ilipofika wakaenda wote wanne.

"Kipimo cha ubongo cha nusu saa hakikuonyesha kitu," alisema Daktari Nagamine, mama mwenye miwani mikubwa. "Mmemwona akiduwaa mara ngapi?"

"Mara moja tu," alijibu Mama.

Baba akamkabidhi kadi ya kuogelea kwa mikono miwili. Daktari akasoma: mzima, mzima, mzima.

"Basi tusubiri miezi sita, tuone."

Miezi sita! Kozue alimwona mawazoni Shuhei akiduwaa chini ya maji, na hakuna mtu wa kuhesabu.

"Daktari, nimedanganya," alisema huku machozi yakimtoka. "Kadi nimejaza mimi. Ameduwaa mara nyingi."

"We Kozue!" Mama alimaka.

"Mwache aseme, mama," daktari alisema. "Lini, mwanangu?"

"Tarehe sizikumbuki. Moja ilikuwa siku ya wali wa kari."

Shuhei alikuwa sakafuni akipanga vigari. Hakuinua kichwa. "Tarehe kumi na saba. Jumatano."

Wote wakatazamana.

"Siku ya tambi nene?" Kozue aliuliza polepole.

"Tarehe tisa. Jumanne."

"Siku ya mkate wa kukaanga?"

"Tarehe tano. Ijumaa."

Wakafika mara saba. Kalamu ya daktari haikupumzika, naye Baba alicheka huku akijifuta macho.

Shuhei alilazwa, akafungwa nyaya kichwani siku nzima. Safari hii jibu lilipatikana: ni kifafa, kile cha kuduwaa, na kina dawa. Mama alishusha pumzi aliyoibana kwa miezi. Hata hivyo, muhuri aliuchukua, na Kozue hakunung'unika.

Mwishoni mwa Julai, daktari aliruhusu Shuhei aogelee, mradi mwalimu mmoja amtazame yeye peke yake. Asubuhi hiyo Mama alichelewa kwenda kazini makusudi. Aliweka muhuri mezani, mbele ya Kozue.

"Najua ulimpenda mdogo wako," alisema. "Lakini daktari hutibu anachoambiwa. Ukimficha ukweli, umemfunga macho, na anayeumia ni mgonjwa. Muhuri huu ni neno letu sote. Usiugonge juu ya uongo, hata kwa mapenzi."

"Nimekuelewa, Mama. Nisamehe."

Kozue akachukua kalamu, akaandika: "Jana aliduwaa mara moja, sekunde nne. Leo bado." Akagonga muhuri.

Shuhei alikuwa mlangoni tayari, kofia ya kuogelea kichwani.

"Maji," alisema. "Twende, dada."