Kocha Aliyechana Kanga

Soko la vitambaa la Zhongda, mjini Guangzhou, halina adabu. Mikokoteni inakugonga visigino, wenye maduka wanakuvuta mkono, na ukisimama kupumua unauziwa pazia. Humo ndimo Msabaha alimong'ang'ania robota la vitambaa vya njano, Jumamosi moja ya Septemba mwaka 1998, akavuta, robota nalo likavuta.

Upande wa pili palikuwa na dada mmoja. Mtandio wa rangi ya machungwa, sketi ya jinzi hadi vifundoni, raba nyeupe za Kichina, na kalamu imechomekwa sikioni kama fundi seremala.

"Kaka, achia. Hili nimeshaongea na laoban, mwenye duka."

"Laoban huyu? Mbona mimi kaniambia meiyou?"

"Kwako hakuna, kwangu kuna. Tazama ulivyovaa! Anadhani umekuja kuomba maji."

Msabaha alijitazama. Traksuti imepauka magotini, filimbi shingoni. Akacheka mwenyewe.

"Mimi kocha, dada. Nataka vitambaa vya kugawia timu mazoezini."

"Kocha wa timu gani?"

"Wanafunzi wa kigeni, chuo cha ufundi."

"Wale waliofungwa mechi saba?" Dada akaachia robota. "Chukua, baba. Msiba si wa kugombania."

Ndivyo walivyoanza. Dada jina lake Swalha, wa Kariakoo, miezi mitatu yuko Guangzhou akisimamia mzigo wa kanga wa familia yao. Msabaha alikuwa wa Tanga, mwaka wa tatu wa ujenzi. Goti lilimwachisha mpira, na ukocha alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Timu yenyewe ilikuwa na Watanzania, Wakenya na Mkongo mmoja golini aliyekuwa akisali mpira ukivuka katikati. Ofisi ya michezo ya chuo ilishasema: wasipobadilika kufikia mechi ya mwisho ya Novemba, timu inavunjwa, uwanja unageuzwa wa mpira wa kikapu.

Swalha alikuwa na peja, akampa Msabaha namba. Msabaha akishuka mazoezini, jasho halijakauka, anaacha ujumbe kwa opereta wa Kichina, kisha anasubiri kwenye simu ya mlinzi wa bweni.

"Kocha wangu, leo mmefungwa na nani?"

"Leo mazoezi tu, mpenzi."

"Hata mazoezini mnaweza kufungwa nyie."

"Njoo uone. Beki zangu sasa zinaongea."

"Zinaongea nini? Zinaomba radhi?"

Alikuja. Akakaa jukwaani na chupa ya chai ya tangawizi, akaona Msabaha alivyokuwa akiwafundisha pasi fupi, mpira chini, kila mtu akiita jina la anayempa. Wiki ya nne, Pius, nahodha na beki wa kushoto, alipiga pasi kumi bila kupoteza. Swalha akapiga kigelegele mpaka mlinzi akatoka kibandani. Jioni hiyo walikula wali na samaki kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Dengfeng, na Swalha akamchambulia miba bila kuombwa. Msabaha akajua amekwisha.

Ijumaa moja ya Novemba, chumba cha Swalha hotelini kikavuja maji. Akapeleka mfuko bwenini, akamwachia mlinzi, ampe kocha. Kesho yake, asubuhi ya mechi, Msabaha akaufungua: kanga moja nyekundu, mpya, katikati yake komamanga limepasuka, mbegu zinang'aa. Barua hakuna. Kwao Tanga mwanamke akikupa kanga amekwishasema yote. Akainusa. Udi. Akaikunja, akaibeba uwanjani.

Uwanjani wakawakuta wapinzani, chuo cha udaktari, nao wamevaa bluu kama wao. Refa akakataa: jezi zitofautishwe au hakuna mechi. Vitambaa vya njano vilikuwa bwenini, vimeloa. Wachezaji wakamtazama kocha wao. Naye, kichwa kimejaa udi, akasema, "Mwenzangu katuletea baraka. Tugawane." Akaichana kanga, chwaa, chwaa, vipande kumi na moja virefu, kila mmoja akafungiwa chake begani kama mshipi wa bwana harusi.

Wakashinda bao moja kwa bila. Ushindi wa kwanza tangu Januari! Mkongo alilia golini, Pius akabadilishana mshipi kwa jezi na namba tisa wa udaktari, na Msabaha akabebwa juujuu. Kutoka huko juu akamwona Swalha amesimama kwenye kona, hapigi kigelegele.

"Mpenzi! Umeona baraka zako?"

"Msabaha. Hiyo ilikuwa sampuli."

"Sampuli ya nini?"

"Ya kiwanda. Mchoraji anainakili hiyo, na ni moja tu, nimeitoa nyumbani. Nilikupa unitunzie, chumba kinavuja." Akaokota uzi mwekundu majanini. "Mama kaniamini na mzigo wa Idd. Mchoraji anasubiri mpaka kesho Jumapili saa sita mchana, akiondoka mashine anapewa mteja mwingine, na kontena linafungwa bandarini Huangpu bila kanga zangu."

"Nilidhani umenipa..."

"Ningekupa wewe kanga kwa kumwachia mlinzi? Bila neno? Umenionaje?"

Akaondoka. Peja ikapigiwa mara tisa, opereta akaanza kumjua Msabaha kwa sauti.

Timu ikafua vipande, ikavianika dirishani. Kumi. Kilichokosekana ni kile cha Pius, cha katikati, chenye komamanga lenyewe.

"Samahani, kocha," Pius akasema. "Kale katoto ka udaktari kalikipenda sana."

Na Jumapili saa nne asubuhi ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho. Wakifungwa, timu basi.

Saa tatu na nusu Msabaha akamvisha Pius filimbi. "Mnajua la kufanya. Mpira chini, itaneni majina."

"Kocha, unatuacha leo?"

"Nimewafundisha wiki nane. Kama hamjui, hata nikisimama hapa nikapiga kelele, nitawasaidia nini?"

Akapanda baiskeli, vipande kumi mfukoni. Udaktarini alimkuta namba tisa kitandani, kipande kimebandikwa ukutani juu ya mto wake. Kijana alikitoa kwa shida, akadai jezi yake irudishwe na picha ipigwe. Saa nne na nusu Msabaha yuko Zhongda, shati limemgandia mgongoni, kwenye duka la mchoraji. Swalha alikuwepo, macho mekundu, amekaa juu ya robota.

"Sogea," Msabaha akasema. "Nipe sindano."

"Na mechi yako?"

"Inachezwa."

"Nani yuko nao?"

"Wenyewe."

Swalha akamtazama, kisha akashika upande wa pili wa kanga. Kanga ikichanwa hufuata uzi, mistari ilikuwa imenyooka. Waliunga vipande kumi na moja, pindo kwa pindo, yeye Msabaha akijichoma vidole na kutukana kwa Kitanga. Saa sita kasoro dakika saba mchoraji akavaa miwani, akalitazama komamanga, akakubali kwa kichwa.

Saa sita na robo Swalha akachukua simu ya duka, akapiga bwenini mwenyewe. Akasikiliza. Akampa Msabaha.

"Sare, kocha!" Pius alikuwa akipiga kelele. "Mbili mbili! Ofisi imesema tunabaki! Goli la pili pasi kumi na nne, nimezihesabu!"

Msabaha akaketi sakafuni.

"Kocha wangu," Swalha akasema, "ungekuwepo ungeliona."

"Nilikuwa na kazi."

Wakaenda Dengfeng, kwenye kibanda cha simu. Swalha akampigia mama yake Kariakoo, akasimulia, akaficha hili, akasema lile, mwishowe akamkabidhi Msabaha simu huku akimfinya mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyechana kanga ya mwanangu?"

"Ndimi, mama."

Swalha akasogeza sikio kwenye simu.

"Na ni kweli umeishona mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu, mama. Vidole vinauma mpaka sasa."

"Baba yake Swalha, Mungu amrehemu, hakuwahi hata kujishonea kifungo." Akakohoa. "Wazee wako, hapo Tanga, wanakaa wapi?"

Swalha akaufunika uso kwa mtandio. Msabaha akataja barabara, akataja nyumba, akataja mpaka rangi ya mlango.