Firimbi Iliyobaki Mashine Ziliponyamaza

Nina miaka thelathini na miwili, ni mke wa mtu na mama wa binti mmoja, Mwanaidi, ambaye ameanza chekechea. Kwetu ni Munje, pwani ya kusini. Nimeamua kuandika kwa sababu mazungumzo yamekuwa mzigo kwangu... ukinijibu, huenda nisikusikie.

Huku kwetu hata makumbi ya nazi, yale maganda ya nje, yana kazi. Kuna kiwanda, jina lake nalihifadhi, kinachoyachambua makumbi kuwa usumba, yaani nyuzi za magodoro na kamba. Nilipopata kazi pale nilimshukuru Mungu! Aliyenipeleka ni somo yangu Riziki, rafiki tangu tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani pamoja. Alikuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kuilisha mashine. Makumbi yanaingia kwenye pipa lenye meno ya chuma, yanararuliwa, na upande wa pili unatoka usumba. Kelele yake si ya kuhadithiwa. Uliisikia kwenye meno, uliisikia kifuani. Tulizungumza kwa ishara na kukonyezana, na jioni tukitoka tulikuwa tunapiga kelele kama watu wanaogombana, kumbe tunaagana tu.

Vifaa vya kuziba masikio vilikuwepo. Msimamizi wetu, mtu wa bara, alivifungia kabatini na kuvitoa pale wageni wakaguzi walipokuja. Nasi wenyewe, Mungu atusamehe, wageni wakigeuza mgongo tulivirudisha mbio. Havikukaa vizuri juu ya mitandio, na tukivivaa chini yake tulitoka jasho. Tulikuwa tukichekana!

Adhuhuri moja stima ikapotea. Mashine zikanyamaza zote. Wenzangu wakaketi chini wakipunga upepo kwa leso. Mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu katika kile kimya nilisikia firimbi... nyembamba, ndefu, isiyovuta pumzi.

Nikamuuliza Riziki kama naye anaisikia.

Aliinama akawa anakung'uta vumbi kwenye leso yake. "Sisikii kitu, somo," akasema. "Keti upumzike."

Firimbi ile ikanifuata mpaka nyumbani. Nikisali, ipo. Nikipika, ipo. Nilianza kugeuka nyuma ovyo, nikidhani kuna mtu. Niliogopa kuingia chumbani peke yangu, mtu mzima mimi!

Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu Salimu, akaja kututembelea. Alibisha hodi, akatoa salamu, na mimi nimempa mgongo nakuna nazi. Nilimwona alipokuwa tayari ameshanikasirikia. Salimu alinisema sana siku hiyo. Mke gani anasalimiwa na mama mkwe akaendelea na nazi yake? Ikanibidi niwaeleze habari ya firimbi.

Hasira za mavyaa zikageuka hofu. Akasema huyo ni pepo, ananiitia jambo lake, na asipoulizwa anataka nini atanichukua akili. Nami nikaamini. Ungeniambia nini kingine, wakati ndani ya kichwa changu kuna kitu kinapiga mluzi usiku na mchana?

Nikachezewa kayamba. Kwa msiojua, kayamba ni kama ubao wa matete uliojazwa mbegu, hutikiswa karibu na kichwa cha mgonjwa mpaka pepo apande na kutaja jina lake. Walikuwa wengi wakitikisa kwa pamoja, kulia na kushoto, na kijana mmoja akigonga upatu wa chuma karibu kabisa na sikio langu la kushoto. Riziki alikuwa nyuma yangu ameshika mabega yangu nisianguke. Alikuwa anaimba na wenzake. Mimi nilitetemeka, wao wakasema pepo amepanda. Nilikuwa natetemeka kwa woga!

Ngoma ilipokwisha, sikio la kushoto lilikuwa kama limejazwa unga uliokandwa. Mganga akasema pepo huyu ni mkaidi, nipumzike, nirudi tena. Simlaumu mganga yule, mama wa watu, alitibu alicholetewa. Kesho yake nikarudi kulisha mashine.

Haikupita muda mrefu. Nilikwenda kumchukua Mwanaidi shuleni, nikamshika mkono tuvuke barabara ya Lunga Lunga. Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto haraka, nikatia mguu. Ghafla nikavutwa buibui kwa nguvu, nikaanguka na mwanangu kandokando ya lami. Lori likapita pale pale tulipokuwa tumesimama. Wote waliokuwa pale waliniambia dereva alipiga honi tangu mbali. Mama aliyenivuta, muuza viazi karai, alikuwa akinifokea na mimi namtazama midomo tu.

Nikamgeukia mwanangu. Alikuwa amechubuka goti, amefumba macho, kinywa wazi, machozi yanamtoka. Mwanangu alikuwa analia mbele yangu na mimi nasikia firimbi...

Siku hiyo Salimu hakumuuliza mtu. Alinipeleka hospitali.

Daktari, msichana mdogo, hakuniuliza ndoto zangu. Aliniuliza kazi yangu. Alinivalisha vipokea sauti masikioni, akanipima, kisha akavuta kiti akaketi upande wangu wa kulia. "Firimbi hiyo haitoki nje, dada," akasema. "Ni sikio lako lenyewe lililoumia." Akanieleza kwamba la kushoto limeharibika na halitarudi. La kulia limebaki kidogo, na nikiendelea na kelele zile, nalo litakwenda. Nilipomsimulia habari ya kayamba na upatu, akanishika mkono.

Nikatoka nje. Na kwenye benchi, nani ameketi? Riziki!

Kabla sijamfikia, muuguzi alitoka akaita jina lake. Riziki hakutikisika. Muuguzi hakuita tena. Alikwenda moja kwa moja akamgusa bega, kama mtu aliyezoea kumgusa. Hapo nilijua kwamba naye masikio yamekwenda, tena si leo, na moyo ukanipasuka.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla hajanitafutia kazi. Alikuwa na firimbi, alikuwa ameambiwa ni mashine, na alikaa kimya kwa sababu kiwandani wakijua masikio yako yameharibika, kazi huna. Ana mama yake kitandani, anamtegemea yeye.

"Na siku ya kayamba?" nikamwambia. "Ulinishika mabega, Riziki."

Alilia. "Nilikuwa naomba awe pepo kweli," akasema. "Kama wako ni pepo, na wangu ni pepo. Na pepo hutolewa."

Ewe msomaji, ungemjibu nini? Mpaka leo sijajua kama nimemsamehe, ingawa najua kwamba hofu iliyomfunga yeye ndiyo iliyonifunga mimi. Kazi nimeacha. Yeye bado yuko pale, amesema hana pa kwenda.

Enyi mnaofanya kazi kwenye kelele, viwandani, mashine za mbao, machimbo ya mawe, nawasihi! Vidaini vifaa vya masikio na mvivae, jasho litakauka. Sikio likianza kulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie mwenzako unayefanya naye kazi. Usimwonee haya. Kimya cha rafiki yangu kimenigharimu sikio.

Mwanaidi amejifunza mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Akitaka kuniambia jambo, huja mbele yangu, huushika uso wangu kwa mikono yake miwili, ndipo aseme. Ninamsikia, kwa mbali, alhamdulillahi. Lakini kila anapoushika uso wangu moyo hunidunda... naogopa siku ambayo midomo yake itacheza, na mimi nisipate kitu.