Mwerebi wa Dirishani

Fikirieni, wanangu, ua ulioachwa na Mzungu kule Nyansiongo, mwaka 1966. Nyumba haina mtu. Jua linazama. Katikati ya bustani kuna mti mfupi, majani yake ya kijani yana mabaka meupe na ya waridi, hata ukiwa mbali unadhani ni maua.

Nilikuwa nikitoka kuchukua maziwa. Nikakata kijiti kimoja. Chini ya mti palikuwa na jiwe dogo lililochongwa neno moja: ELSIE. Nilidhani ni kaburi la mbwa. Wazungu wale walizika mbwa wao hivyo.

"Huu ni mwerebi," mke wangu Persis alisema. "Uko kwenye Biblia. Unapenda maji."

Tukauchomeka chini ya dirisha la mtoto, tukaumwagilia kila jioni. Ulishika upesi... Majani ya kwanza yalitoka meupe kabisa.

Jioni yalipochipuka majani hayo, binti yetu Nyanchera, wa miezi mitatu, akashikwa na homa. Dawa ya zahanati haikusaidia. Alilia siku nne. Siku ya tano sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

Mama yangu, Tryphosa, akampakata. Kwetu, mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka mtoto aitwe jina lake; likitajwa, mtoto hunyamaza. Mama akanong'ona majina ya wafu wetu, moja moja.

Mtoto alilia tu.

"Wamekwisha," Mama akasema. "Mwalimu, na kusoma kote huko, huna hata mfu mmoja?"

"Wafu wangu ni wako, Mama."

"Basi taja hata wa vitabuni."

Nilikuwa nimechoka. Nikatazama dirishani, nikasema jina la kwanza lililonijia.

"Elsie."

Kilio kikakatika.

Homa ikashuka mtoto akiwa angali mikononi mwa Mama. Mtoto akageuza shingo kuelekea dirishani, akatabasamu. Nje hapakuwa na upepo... lakini majani yaligonga kioo. Harufu ya udongo uliofukuliwa ikaingia.

"Ni nani huyo?" Mama akanong'ona.

Asubuhi nilichukua panga. Lilipogusa shina, mtoto akapiga yowe ndani.

"Rudisha panga, Baba Nyanchera," Persis akasema mlangoni.

Nikalirudisha.

Sasa ana miaka saba. Ana afya. Halii kamwe. Sijui tulimponya nani, wala yule wa kwanza alikwenda wapi.

Mkikutana naye njiani, nawaomba mkumbuke jambo moja. Mwiteni Nyanchera. Hata asipogeuka.